Mita Sitini za Shemeji

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Mimi si mwanasheria. Kifungu hiki nimekijua kwa sababu nina shemeji.

Shemeji yangu ni afisa mipango. Wizara yake naificha, maana yeye bado anakula mshahara huko na mimi bado nakopa kwake. Ni mtu mwema, msikivu, mwenye huruma kwa watoto na wanyama, ila hajawahi kunywa chai bila andiko dhana la chai. Basi familia ilipokubaliana kwamba Jumapili twende tukapunge upepo bwawani Swaswa, sisi wengine tulisikia upepo, yeye akasikia mradi.

Kwa asiyeijua Dodoma, Swaswa ni mtaa wa kata yetu ya Ipagala, si mbali na Ilazo, na bwawa lake ndilo bahari ya watu wa huku. Si ziwa. Ziwa lina meli, lina visiwa, lina methali zake. Bwawa letu lina ng'ombe. Siku tuliyokwenda sisi hatukukuta geti wala mtu wa kukata tiketi, wala ubao wa kumkaribisha mtu na kumkataza mambo kumi na mawili. Ukiona maji umefika. Watu huja na mikeka yao, mahindi yao ya kuchoma na spika zao, wanakaa, wanapiga picha zenye maji nyuma, jioni wanarudi nyumbani wakijiona wametoka mbali.

Huwezi kuelewa mapenzi haya bila kukumbuka jinsi wengi wetu tulivyofika hapa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na watumishi wakauitikia kwa kasi ya watumishi. Mwaka 2016, mwezi Julai, Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama kweli, na huku kwetu mitaa ikajaa watu wenye makochi ya Dar es Salaam, mapazia ya Dar es Salaam na kiu ya bahari isiyo na dawa. Mpango Kabambe wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulikuwa umetuandalia mji wa miti na nafasi za wazi, watu wakitembea kwa miguu bila haraka. Nafasi za kupumzikia zipo: kuna Nyerere Square pale katikati ya mji, kuna Chinangali. Lakini mtu aliyezoea kukaa Coco Beach akitafuna muhogo haponi kwa majani. Anataka maji, na anataka yawe mengi kuliko ya kwenye simtanki. Hombolo kuna bwawa kubwa tangu mwaka 1957, ila huko ni safari. Mtera liko njia ya Iringa, na huko mtu anaaga kabisa. Swaswa unakwenda na kandambili.

Kamati ya maandalizi iliundwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mwenyekiti, shemeji. Katibu, shemeji, akikaimu. Mweka hazina akawa mke wangu, kwa kigezo kwamba hela anazo yeye. Mimi niliteuliwa mjumbe asiye na wizara maalumu, cheo ambacho utekelezaji wake ulikuwa kubeba deli la barafu. Ilipofika Ijumaa usiku ratiba ikatumwa, ina nembo. Saa 4:00 asubuhi, wajumbe kuwasili. Saa 4:10, dua. Saa 4:15, neno la utangulizi kutoka kwa mwenyekiti. Saa 4:30, kupunga upepo. Saa 5:15, zoezi la upepo kuhitimishwa. Saa 5:20, neno la shukrani.

Mke wangu aliuliza kwenye kundi: "Na kula?"

Jibu lilikuja baada ya dakika kadhaa, kwa lugha ya kiofisi, kwamba suala la chakula limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Mgeni rasmi alikuwa mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu wake mpya. Mama amezaliwa karibu na Raskazone, na maji anayajua namna mkulima anavyojua mvua. Jumamosi usiku, tukila, aliniuliza kwa upole wake: "Mwanangu, huko kwenye maji yenu, kesho yanajaa saa ngapi?"

Swali la haki kabisa. Tanga hakuna mtu anayekwenda pwani bila kuuliza hilo. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kutwa, na siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu, yaani ukitandika mkeka mahali pabaya utaukuta Pemba. Nilikuwa natafuta namna ya kumjibu bila kumvunjia mji wetu heshima, shemeji akaniwahi.

"Mama, hapa yanajaa Januari, yanapwa Agosti."

Mama alitafuna kidogo, akahesabu miezi kichwani. Ilikuwa Februari. "Basi tumewahi," akasema.

Na kweli tulikuwa tumewahi. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita zipatazo 570 kwa mwaka, pungufu ya nusu ya anazozipata mama kwake Tanga, na karibu zote humwagwa kati ya Desemba na Aprili, kwa hasira, halafu mbingu inafungwa na ufunguo unapotea. Kuanzia hapo ni jua na upepo vinakunywa pamoja na ng'ombe. Mbaya zaidi, mvua zenyewe zinapokuja hupiga ardhi iliyo uchi, zinasomba udongo, makorongo yanaubeba na kuushusha bwawani. Kila mwaka maji huja na mchanga wake. Maji huondoka, mchanga hubaki. Ndiyo maana mabwawa ya nyanda hizi huzeeka mapema, na ndiyo maana nawashauri marafiki zangu wa Dar wakija watazame Swaswa mwanzoni mwa mwaka, wasije Septemba wakatuona waongo.

Jumapili ikafika. Bajeti ilikuwa imetenga bajaji mbili, ikaja moja. Dereva, kijana wa hapahapa Ipagala, alitazama mzigo: deli, jiko la mkaa, mfuko wa mkaa, hotipoti tatu, ndoo ya nyama iliyolala kwenye viungo, mkeka wa ukindu uliosafiri kutoka Tanga, mwamvuli, mpira. Kisha akautazama ukoo. Chombo chake kimetengenezwa kwa abiria watatu nyuma. Akavua kofia, akajikuna, akasema neno ambalo limejenga sekta ya usafiri ya nchi hii: "Tutapangana."

Tulipangana. Mpwa mmoja alikaa juu ya deli, deli likakaa juu yangu. Shemeji alikaa mbele ubavuni kwa dereva, mguu mmoja nje, akiwa amevaa suruali ya kitambaa, shati la mikono mirefu na tai. Mke wangu alimuuliza tai ya nini, akajibu kwamba kuna mgeni rasmi. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vilivyonunuliwa kwa posho ya safari moja ndefu, na vilikuwa vimepigwa rangi hadi unajiona. Naomba msomaji aviweke akilini viatu hivyo.

Kuna korongo dogo njiani. Kiangazi ni barabara, masika ni mto, na siku mbili tatu baada ya mvua huwa ni mchanga laini usio na msimamo. Bajaji ikaingia, ikaguna, ikakaa. Tukateremka wote kusukuma, isipokuwa mama, kwa sababu shemeji alisema itifaki hairuhusu mgeni rasmi kuteremka kabla ya kufika eneo la tukio. Kwa hiyo tulisukuma bajaji na mama ndani yake, amekaa wima katikati ya hotipoti, akiwasalimia wapita njia kwa niaba yetu. Watoto wa mtaani walikuja kusaidia na kuimba. Matairi yalimrushia mchanga shemeji kuanzia tai kwenda chini. Tulifika bwawani saa tano na ushee, na mwenyekiti akatangaza palepale kwamba ratiba imefanyiwa marekebisho madogo.

Bwawa lilikuwa limependeza, siwezi kusema uongo. Maji yalikuwa yametanda, rangi ya chai ya maziwa, yangeyange weupe wametulia ukingoni, upepo unavuta kutoka ng'ambo na kukupiga usoni bila vumbi, jambo ambalo mtu wa Dodoma hulishukuru kwa kufumba macho. Mama alishuka, akavuta pumzi ndefu kutafuta harufu ya chumvi. Akaikosa. Akavuta tena.

"Ng'ombe," akasema.

Karibu na maji palikuwa na mgunga mmoja wenye kivuli cha kutosha ukoo mzima. Nikaelekea huko na deli langu. Nyuma yangu nikasikia: "Shem! Simama hapohapo!"

Hapo ndipo nilipofundishwa kifungu cha 57. Shemeji alieleza, mkono mmoja hewani, kwamba sisi ni watumishi wa umma, kwamba kuna watu wanatutazama, na kwamba mgunga ule upo hatua kama kumi tu kutoka majini. Akaanza kupima. Alisimama ukingoni, akageuka, akapiga hatua ndefu za mita moja moja akihesabu kwa sauti. Ya sitini ikamfikisha kwenye kichaka cha miiba, juani, kando ya chungu ya samadi.

"Hapa," akatuita.

Tulimtazama kutoka kivulini. Mke wangu, ambaye alisoma sheria kwa kozi moja tu chuoni lakini aliisoma na kaka yake akilini, alimwambia kwa sauti kwamba sheria inasema shughuli za kudumu, na mkeka si shughuli ya kudumu. Shemeji akajibu kwamba inategemea tafsiri. Mama alikuwa ameshatandika, ameshavua viatu, ameshakaa, amenyoosha miguu.

"Mimi nikikaa hapa," alisema, "sinyanyuki mpaka alasiri."

"Mnaona?" shemeji akapiga kelele kutoka kwenye miiba. "Hiyo sasa ni ya kudumu!"

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa anashuka na ng'ombe wake, shuka begani, fimbo mkononi. "Mbukwenyi!" akatusalimia, tukaitikia kila mtu kwa kadiri ya Kigogo chake. Shemeji akamkimbilia, akamwamkia, akamweleza tatizo letu kwa kirefu, akamalizia kwa kumwomba, yeye mwenyeji, atuonyeshe ukingo halisi wa bwawa uko wapi ili tupime vizuri.

Mzee akamtazama, akaitazama tai.

"Ukingo wa mwaka gani?"

Shemeji akanyamaza.

Mzee akanyoosha fimbo mahali fulani nyuma ya kile kichaka cha miiba. Mwaka wa El Niño, alisema, ule wa 1997 kuingia 1998, maji yalikaa kule. Akaizungusha fimbo hadi katikati kabisa ya maji. Na kuna mwaka mwingine wa ukame, akasema, mifugo ilinyweshwa pale katikati, kwenye visima vya kuchimba mchangani. "Kwa hiyo mwanangu, hapo uliposimama wewe na tai yako, ni ndani ya maji. Na pale walipokaa ng'ombe wanaoogelea, ni nchi kavu. Inategemea umekuja lini."

Nimehudhuria semina nyingi za usimamizi wa rasilimali za maji, zingine zenye chakula kizuri, na sijawahi kusikia hotuba iliyonieleza Dodoma kwa ufupi hivyo. Shemeji akashuka kutoka miibani, akakaa pembeni ya mkeka, akaandika kitu kwenye daftari.

Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Akasafisha koo, akasema kwa adabu kwamba kuna jambo moja dogo: mkeka wetu uko kwenye njia ya ng'ombe.

Ng'ombe wenyewe, nataka niwe mkweli, walikuwa waungwana. Walifika, wakatuona, wakajigawa kulia na kushoto, wakapita huku wakitupumulia. Mmoja alisimama akamtazama mama muda mrefu, mama naye akamtazama, wakaelewana. Taabu waliileta mbuzi wa mzee, waliokuwa wanafuata nyuma. Mbuzi wa Dodoma ameshaonja kila kitu kinachoota au kutupwa kwenye nyanda hizi, kuanzia miiba ya mgunga hadi maboksi ya saruji, ila hawa inaonekana walikuwa hawajawahi kukutana na ukindu wa Tanga. Wa kwanza aliuonja kwa shaka. Kisha akaita wenzake. Kabla hatujafahamu kinachoendelea, upande wa kaskazini wa mkeka ulikuwa umepungua kiganja kizima, na mbuzi mmoja mweusi alikuwa anavuta ukili mrefu kwa utulivu huku mama anauvuta upande wa pili, kila mmoja amekaza.

"Huu mkeka wa harusi yangu!" mama alilia.

Mbuzi hakushughulishwa na historia hiyo. Mzee aliwafukuza, akaomba radhi, tukamkaribisha chai kutoka kwenye chupa, akakaa. Siku yote ile hakuondoka tena, na nadhani ndiye pekee aliyepumzika.

Chakula, ambacho kilikuwa kinafanyiwa kazi, kikawa tayari mnamo saa saba. Mishikaki ilikuwa inatoa moshi ule unaosafiri kwa upepo hadi kwa majirani usiowajua. Shemeji akaona huo ndio wasaa wa neno la utangulizi, maana watu wenye njaa hawaondoki. Akasimama. Mkono wa kushoto daftari, mkono wa kulia mshikaki aliousahau mkononi, akauinua na kuushusha kila alipotaka kusisitiza. Alimtambua mama. Alimtambua mzee. Alinitambua mimi, kwa jinsi nilivyobeba deli. Akafika kwenye umuhimu wa familia kutenga muda wa mapumziko yenye tija, akaunyanyua mshikaki juu kabisa.

Mwewe alikuwa anazunguka tangu mkaa uwashwe. Sikumtilia maanani, mwewe wapo kila mahali kwenye nyama, na nilidhani anasikiliza tu. Alishuka bila kelele, akapita usawa wa paji la uso la mwenyekiti, tukasikia upepo wa mbawa, na shemeji akabaki ameshika kijiti chenye kipande kimoja cha kitunguu. Alikitazama. Akatazama juu. Ndege alikuwa ameshafika ng'ambo, anakula kwa miguu.

"…yenye tija," mke wangu akamalizia, na watoto wakagaagaa kwa kicheko.

Watoto hao, ambao wamezaliwa Dodoma na bahari wameiona kwenye simu, walitaka kuogelea. Hapo kwa mara ya kwanza siku ile shemeji na mimi tulikuwa upande mmoja. Maji yaliyotuama yakiwa na konokono wadogo huweza kuwa na kichocho: minyoo hukulia ndani ya konokono, hutoka majini na kupenya ngozi ya mtu bila kubisha hodi, na mtu huja kujua baadaye akiona damu kwenye mkojo. Shemeji aliwaeleza watoto yote hayo, hatua kwa hatua, kwa michoro ardhini. Aliwaeleza vizuri mno. Mmoja akalia, mwingine akakataa hata kunywa maji ya chupa, na mdogo kabisa akaomba kurudishwa nyumbani kwenye beseni. Bibi yao alilazimika kuwakusanya na kuwasimulia habari za nguva hadi wakatulia.

Tukiwa katika hali hiyo ndipo kwaya ikafika.

Mkazi wa Tanzania hahitaji kuelezwa. Penye maji, penye maua au penye jengo lenye vioo, siku moja itakuja kwaya kurekodi video. Hii ilikuja na basi dogo, kitenge cha sare cha zambarau, spika kubwa mbili na mwongozaji mwenye fulana yenye mifuko mingi. Waliweka wimbo, wakajipanga safu tatu ukingoni, wakaanza kuyumba kulia, kushoto, kulia, wakichezesha midomo kufuata sauti za spika. Ilipendeza. Mwongozaji akaangalia kwenye kamera yake, akakunja uso, akaja kwetu mbiombio.

"Samahani wazazi, mmeingia kwenye picha."

Shemeji alikuwa tayari. Alianza kueleza nani aliwahi kufika, akataja muda, akataja kifungu. Lakini mwongozaji hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anamtazama mama: khanga mbili zilizofungwa vizuri, uso mtulivu, mkono umeshika kata ya kunywea maji, mgunga nyuma yake, bwawa nyuma ya mgunga. Yule kijana aliweka mkono kifuani.

"Mama," akasema, "wimbo wetu unahusu yule mwanamke Msamaria pale kisimani. Tulikuwa na dada wa kuigiza, ameumwa ghafla. Unaweza kutusaidia? Ni kutembea tu na mtungi."

Mama ni mtu wa madrasa tangu utoto. Aliuliza Wasamaria ni watu wa wapi. Akaambiwa, kule Palestina. Akauliza huyo mwanamke alikuwa na tabia gani. Mwongozaji akababaika kidogo, akasema alikuwa na… maisha yake, lakini mwishoni alikuwa mtu mzuri.

"Sote tuko hivyo," mama akasema, akanyanyuka. Saa nane kasoro, kabla ya alasiri. Nilimtazama shemeji kuona kama amelinakili hilo la kutodumu, ila alikuwa amezidiwa.

Kwa kuwa mtungi wao ulikuwa kwenye basi lingine, mama alitwikwa ndoo yetu ya nyama, tupu, iliyofunikwa kitenge. Alitembea ukingoni kwa mwendo wa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akisubiri kamera. Kwaya ikayumba nyuma yake. Mzee wa ng'ombe akasimama kuona vizuri. Shemeji, akiwa na hofu kwamba picha za mama zinachukuliwa bila makubaliano ya maandishi, akatoa simu yake ili familia nayo iwe na nakala. Kivulini hakupata pembe nzuri. Akazunguka upande wa maji. Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi nyingine.

Ukingo wa bwawa la Dodoma, kama mzee alivyotuonya, si mstari. Ni mazungumzo. Juu kuna ukoko mkavu uliopasukapasuka, unaoonekana wa kuaminika. Chini yake kuna tope laini la udongo wote ulioletwa na makorongo kwa miaka. Shemeji alikanyaga ukoko, ukoko ukafikiria, ukakubali. Alizama hadi kwenye vifundo. Akajaribu kutoa mguu mmoja, mwingine ukaenda hadi gotini.

Angeita, tungekuja. Lakini spika zilikuwa zinarindima, na yeye, kwa ile nidhamu yake ya kazi, aliendelea kurekodi. Video hiyo ipo, na nyingine ipo kwa kwaya. Katika ya kwaya mama anatembea mbele, waimbaji wanapunga mikono, na nyuma kabisa upande wa kulia yupo mwanamume mwenye tai, ameinua simu, ambaye katika kila ubeti ni mfupi kidogo kuliko ubeti uliotangulia. Mwongozaji alimwona kwenye kioo cha kamera, akafurahi sana. "Huyo wa nyuma asisogee!" alipaza sauti. "Endelea hivyohivyo!"

Tulimtoa kwa fimbo ya mzee, kamba ya ng'ombe na besi wawili wa kwaya. Mzee alisimamia zoezi kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutoa ndama. Alimwambia asivute kwa nguvu, alegeze, aupindishe mguu, kiatu akiache kiende. Wakati wanavuta alimpoza kwa kumkumbusha kwamba Wagogo husimulia kuwa mji huu wenyewe ulipata jina pale tembo aliyekwenda kunywa maji kijitoni alipozama kwenye matope mbele ya watu. "Na yule hakutoka," aliongeza, bila kuulizwa.

Shemeji alitoka. Kiatu cha kulia kilikuja naye. Cha kushoto kiliamua vinginevyo, na ingawa tulipekua kwa fimbo hadi bega la mzee likachoka, hatukukigusa tena. Kwa ninavyofahamu mimi kiko huko hadi leo, ndani kabisa ya mita sitini, na sioni dalili kwamba kitahama.

Hakuna aliyetamka neno kwa muda. Kisha mke wangu akasema kwamba ratiba ilikuwa na neno la shukrani, na sote tukaanza kucheka, shemeji akiwa wa mwisho lakini akiwa amecheka kuliko wote, amekaa kwenye nyasi, tope hadi mapajani, tai bado imenyooka. Waimbaji wakagawiwa mishikaki iliyobaki. Dereva wa bajaji akarudi kutuchukua, akamtazama shemeji, akatandika gunia kwenye kiti bila kusema kitu.

Tulipokuwa tunafunga mizigo mwongozaji alikuja kumuaga mama kwa mikono miwili, na ndani ya mikono hiyo mlikuwa na noti ya shilingi elfu kumi. "Nauli tu, mama." Mama akashukuru, akaifunga kwenye pindo la khanga, fundo mara mbili, akaingia kwenye bajaji.

Njiani, tukilikaribia lile korongo, shemeji alijikohoza. Mguu wake mmoja ulikuwa peku nje ya bajaji.

"Mama, ile elfu kumi. Imepatikana katika shughuli ya kamati, kwa hiyo kwa utaratibu ingeingizwa kwenye mapato, halafu itatolewa taarifa."

"Iandike," mama akamwambia.

"Niiandike wapi?"

"Andika, kiatu kimoja, elfu kumi. Kesho kanunue."

"Mama, viatu haviuzwi kimoja kimoja."

Mama akalikaza fundo. "Basi nyamaza, tufike korongoni. Safari hii nasukuma na mimi, wewe ndiwe mgeni rasmi."